Printa Isiyotoa Siri za Nyumba

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amechelewa, kwa hiyo nimejiteua kumwakilisha. Waheshimiwa wenyeviti, wachungaji, wakulima wa kahawa, shemeji zetu mliovuka mpaka kutoka Nakonde, na ninyi mliokaa nyuma ambao itifaki haijawafikia: heshima mnazonipa nimezipokea. (Makofi ya safu ya mbele.)

Mimi, Mratibu Mkuu wa Siri za Majumbani, niliyewahi kuponya kompyuta pale Tunduma kwa kuitegea tu sikio la kushoto, nasimama hapa Hasamba kimkakati, kisera na kidijitali. Upo uvumi kwamba printa mia nne tulizowagawia, zile zinazovuta intaneti zenyewe, zinatoa siri za nyumba. Utafiti wangu wa kina, nilioufanya nikiwa kwenye gari, umebaini kwamba asilimia mia moja na tatu ya wananchi wanaziamini. (Kicheko.) Mnacheka nini? Hao watatu waliozidi ni shemeji zetu wa Zambia.

Nawapongeza akina mama mlioifunika printa kwa kitambaa cha kufuma, kama mnavyofunika redio, ili isichungulie. Ni ubunifu wa wazawa. Ila kitambaa kinazuia vumbi, mimi hakinizuii.

(Mzee Rubeni anauliza hizo karatasi wanazochapa zinakwenda wapi.)

Swali zuri, baba, la kichochezi kidogo. Haziendi popote. Kila mnachochapa nyumbani kinapita kwanza ofisini kwangu, nakisoma mwenyewe, nikiridhika kwamba kweli ni siri, nakifungia kabatini. Majibu ya vipimo vya mchungaji nimeyalinda hivyo hivyo, na wenzangu sita ofisini ni mashahidi. (Mchungaji anainama.)

Ndiyo maana tulitwaa shamba la mama Ketrina, ekari mbili, mibuni ikang'olewa yote, ili tujenge Kituo cha Kimataifa cha Ulinzi wa Siri, ghorofa tano. Mama alilia. Nikamwambia, mama, maendeleo hayasubiri mavuno. (Minong'ono.)

Siri oyee! (Anaitikia mmoja, dereva wake.) Printa juu!

Nahitimisha kwa kumshukuru huyo huyo mama Ketrina kwa barua aliyoichapa juzi kudai shamba lake, akieleza kwamba pale hakuna ghorofa, hakuna msingi, hakuna hata tofali, ila mbuzi wangu wanalishwa. Imeandikwa vizuri, na kila neno ni kweli. Hata ramani ya kituo haijachorwa. Mpigieni makofi, ndugu zangu, maana bado hajaituma.