Kamati ya Kudumu ya Taa ya Nje

Asubuhi nilikuwa nabandika tangazo kwenye friji: Kamati ya Kudumu ya Kufuatilia Mwenendo wa Taa ya Nje inawajulisha wakazi wote wa nyumba hii kwamba kikao cha nane kimefana sana. Taa yenyewe ni moja, iko juu ya ngazi za mlango wa nyuma, na mwenendo wake ni mbovu. Inafifia, inakonyeza, inazima, inajuta, inawaka tena.

Mwenyekiti ni Baba, ambaye kazini ni kaimu msaidizi wa naibu mkuu wa kitengo. Na kiti anacho kweli, kile cha mbao chenye mikono, hakikaliwi na mwingine. Baba mdogo ni mtaalamu mshauri, kwa sababu aliwahi kufungua redio na nusura ipone. Aliishauri kamati iende ziara ya mafunzo, ikaenda, ikasimama nje ya geti la jirani kutazama taa yake mpaka jirani akaachia mbwa. Mimi ni katibu. Nilichaguliwa kwa kuwa siongei.

Bibi, mama yake Baba, ni mwalikwa asiye na kura, ingawa anayeshuka zile ngazi giza likiingia, kwenda chooni, ni yeye. Wiki iliyopita alikosa ngazi ya mwisho akateguka mguu. Kamati ilisikitika kwa kauli moja. Bibi akasema Ijumaa ikifika taa bado inakonyeza, anahamia kwa shangazi. Nalala naye chumba kimoja, na nyumba nzima ndiye pekee ninayeongea naye. Hilo halikuwa kwenye ajenda.

Kila kikao aliombwa neno, na kila kikao alisema lile lile: "Kazeni tu, wanangu."

Baba alipiga makofi. "Katibu, andika. Mama ametutia moyo."

Nimeandika hivyo mara nane.

Leo ndiyo Ijumaa. Nimerudi kutoka shule nikakuta begi la Bibi limefungwa, liko mlangoni. Nikamuuliza alikuwa anatuambia tukaze nini.

"Balbu, mjukuu wangu. Si imelegea? Kwani nyie mlikuwa mnaandika nini?"

Akaniambia nizime swichi kwanza. Nikatoa nje kiti cha mwenyekiti, Bibi akakishikilia, nikapanda na matambara mkononi, nikazungusha balbu nusu mzunguko. Tukawasha. Ikatulia tuli. Bibi akakikalia kiti, akanyoosha mguu, akaniagiza nirudishe begi chumbani.

Baba aliporudi nilishindwa kumwambia usoni. Nikaandika kwenye kundi la kamati: "Mheshimiwa Mwenyekiti, taa ilikuwa imelegea, imekazwa. Naomba mwongozo. Bibi amekalia kiti na anasema hatoki."

Tiki mbili za bluu, ameusoma. Namwona kupitia dirisha. Kikao cha tisa kimeshafunguliwa, simu iko mkononi, na Mwenyekiti amesimama.