Bibi Harusi wa Saa Sita

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtengeneza programu za simu. Sikupanga. Ilinitoka tu, kama chafya.

Mama mmoja aliingia saluni kwa Dada. Kumbe ndiye meneja wa ule ukumbi mkubwa wa harusi! Binti yake anaolewa Jumamosi. Akasema nywele za harusi hiyo zikienda vizuri, maharusi wote wa ukumbi wake atawaleta kwa Dada. Dada akashika kiti asianguke. Miaka yote anahangaika na wateja wa mtaa huu huu, leo riziki imepiga hodi. Kisha mama akauliza kama saluni ina programu ya kuwekea miadi, maana yeye hapendi mambo ya kupigianapigiana simu. Dada akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema tunayo, tena nzuri, nimeitengeneza mwenyewe.

Mama alipotoka, Dada akauliza nimeitengeneza lini. Nikasema wiki hii. Akanikumbusha kwamba chumba cha nyuma, ninamolala bure tangu nilipoachishwa kazi, kinatakiwa na fundi wa kucha. Nikimharibia Jumamosi yake, nitafute pa kulala. Alisema kwa upole. Dada akisema kwa upole, ujue amemaanisha.

Jumanne, 4 Machi

Tayari! Kuna mtandao unaokutengenezea programu kwa kuburuta vitufe tu. Nimeburuta mpaka kidole kimechubuka. Imeingia kwenye duka la programu na Dada ameiweka kwenye simu yake. Kila baada ya dakika chache inamuuliza kama ameridhika na huduma. Ameniambia niizime. Sijui inazimwaje. Nimemwambia ni utafiti.

Jioni, balaa. Meneja kapiga: haioni. Kumbe mimi nimeiweka kwenye duka la simu za wengi, na yeye na binti yake wanatumia simu za kifahari. Simu za kifahari zina duka lao, kanuni zao, na eti programu zao hutengenezwa kwa kompyuta ya kampuni ileile inayounda simu hizo tu! Yaani kampuni mbili zigombane huko ziliko, nitaabike mimi huku! Wapambe sita wana simu za wengi, bibi harusi na mama yake za kifahari. Harusi moja!

Dada akasema tumwombe Miwani. Miwani ni jirani yake, kazi yake ni programu za simu za kifahari, na akiiona simu yangu huinamisha kichwa kama anatoa pole. Dada hucheka utani wake. Nimeusikiliza utani wenyewe kwa makini. Hauchekeshi. Nikasema potelea mbali, nitafanya mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Dada kaenda ukumbini. Nikamwita Miwani aje nimpake rangi bure, nizifiche zile mvi zake mbili. Akaja na kompyuta begani kama nilivyotarajia. Mtu huyu haiachi kompyuta yake hata akienda msalani. Akaifungua anionyeshe picha ya simu mpya. Nikamsifia. Nikampaka rangi, nikamkalisha chini ya draya, nikaiwasha kwa nguvu zote ili asinisikie nikibofya.

Nikaingia kwenye akaunti yake ya duka la kifahari. Ule mtandao wa vitufe una sehemu ya kugeuza programu ya simu za wengi kuwa ya simu za kifahari kwa kubofya mara moja. Uongo! Nilibofya mpaka nikapoteza hesabu. Mwishowe ikaenda. Nikanyoosha mgongo, nikajipongeza kwa sauti. Ndipo nikakumbuka kuna mtu chini ya draya.

Rangi ya karoti! Kichwa kizima! Alijitazama kwenye kioo, akauliza kama ndivyo inavyotakiwa iwe. Nikasema ndio mtindo. Dada akarudi, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akamwosha yule bwana kichwa kwa mikono yake mwenyewe, polepole, muda mrefu, wote wawili wakicheka. Rangi haikutoka. Wala sikuona mtu aliyejali. Roho iliniuma!

Alhamisi, 6 Machi

Duka la kifahari limenikataa. Mimi!

Sababu ya kwanza: eti haifai kuandika ndani ya programu kwamba simu za wengi ni bora. Nimeifuta sentensi hiyo kwa uchungu. Sababu ya pili: eti nisiandike saa kwa mkono, nitumie saa ya simu yenyewe. Jeuri gani hii! Hata saa wanataka iwe yao? Dada alikuwa amepanga wapambe waje saa mbili asubuhi na bibi harusi saa sita mchana, kwa sababu harusi ni saa kumi jioni. Kwenye programu ya wengi niliandika hivyohivyo kwa maneno, hakuna aliyelalamika. Basi, nimeiondoa saa yangu, nimeweka ya kwao, nikajaza 6. Sita ni sita.

Nimeituma tena kupitia mtandao wa vitufe. Safari hii kompyuta ya Miwani haikuhitajika, akaunti yake imebaki wazi humo. Bora, maana siku hizi anavaa kofia na ananikwepa.

Ijumaa, 7 Machi

Imekubaliwa! Nimeruka mpaka nimegonga taa.

Dosari moja ndogo. Chini ya jina la programu pameandikwa jina la mtengenezaji, na mtengenezaji ni Miwani, kwa kuwa akaunti ni yake. Nitarekebisha Jumatatu. Bibi harusi na mama yake wameshabofya kukubali miadi. Hawakuuliza hata swali moja! Dada amenunua pini mpya, amefua mataulo yote, amepiga deki mara mbili. Anaimba. Sijamsikia akiimba tangu tulipokuwa wadogo. Nikamwambia asante zote aje kunipa mimi. Akasema tuone kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu!

Hodi mlangoni, jua halijachomoza. Nikafungua nikiwa na taulo na fulana. Bibi harusi! Na mama yake! Simu zao zimewaambia ni saa ya miadi. Ile 6 niliyoijaza, simu imeisoma kivyake. Sita yetu ni mchana kweupe, 6 ya simu ni saa kumi na mbili alfajiri! Nikasema karibuni sana, ndio utaratibu wetu. Nikampigia Dada. Hapokei. Kumbe simu yake ilikuwa kabatini, imeviringishwa kwenye blanketi, kwa sababu programu yangu ilimuuliza usiku kucha kama ameridhika.

Nifanyeje? Nikamwosha bibi harusi nywele. Nikamaliza, nikamwosha tena. Nilipoanza mara ya tatu akauliza kama kichwa chake ni kichafu kiasi hicho. Mama yake akauliza fundi yuko wapi. Akauliza tena, sauti imebadilika. Niliona ukumbi unampotea Dada hivihivi, Dada wa watu aliyekuwa anaimba jana. Uoga ukanishika, nikapayuka kwamba programu ya simu za kifahari si yangu! Ni ya Miwani! Mambo ya alfajiri yote ni ya Miwani! Nikamshikia mama simu yake, nikamsomea jina.

Miwani mwenyewe akapita anakimbia mazoezi, kofia kichwani. Akaona taa inawaka, akachungulia, akaelewa. Akatimua mbio kwenda kumgongea Dada. Dada akaja na koti juu ya gauni la kulalia, akanawa mikono, akaanza kazi. Mimi aliniambia nikakae nyuma. Kwa upole.

Jumapili, 9 Machi

Dunia haina haki.

Bibi harusi alimalizwa mapema, akapendeza kupita maelezo. Leo meneja amekuja saluni mwenyewe. Amesema tangu aanze kazi hajawahi kuona bibi harusi anafika ukumbini kabla ya wageni. Kila wiki wanachelewa saluni, chakula kinapoa, yeye ndiye anatukanwa. Huu utaratibu wa kuanza alfajiri ndio dawa. Kuanzia sasa maharusi wote ni wa Dada! Dada akalia palepale mbele ya wateja. Nikampa taulo safi ajifute. Nilifurahi kwa ajili yake.

Kisha mama akauliza wazo zuri hivi lilikuwa la nani. Nikainua mkono. Akasema niache masihara, jana mimi mwenyewe nilipayuka kwamba ni la Miwani, tena nikamsomea jina.

Chumba cha nyuma kimekuwa ofisi ya Miwani. Atatengeneza ukurasa wa mtandao unaofunguka kwenye simu yoyote, bila kupita duka lolote. Nikamuuliza kama jambo hilo liliwezekana tangu Jumatatu. Akasema ndiyo, kama angeulizwa. Dada mwenyewe amenikunjia mashati yangu, moja moja, akayatia begini. Niliona aibu. Ikapita.

Jumatano, 12 Machi

Nipo kwa Shangazi, nalala stoo. Nimetafakari sana, na kosa nimeliona: maduka ni mawili. Mawili lazima yagombane. Dawa ni duka la tatu, la kwangu. Shangazi akauliza ni simu gani itakayolifungua. Nikamwambia hayo ni maswali ya watu wasio na maono.

Leo mchana Dada kapiga. Sauti ilikuwa imechoka ila ina furaha. Maharusi watatu wiki hii! Akasema nyumba imepoa bila mimi. Nikiapa kwamba sitagusa tena programu ya mtu yeyote, nirudi, atanitandikia kochi la sebuleni kwake.

Machozi yalinilenga. Nikaapa. Kwa moyo wangu wote nikaapa, ila kwa sauti ya chini, kwa sababu daktari wa meno wa jirani na Shangazi alikuwa amekaa mbele yangu, akisubiri nimwonyeshe pa kubofya kwenye programu yake mpya.