Ukurasa wa Viazi Vitamu

Redio ndiyo iliyochokoza. Ilitangaza kwamba wataalamu fulani wa ng'ambo wanasema mbegu za viazi vitamu zilielea zenyewe kutoka Amerika mpaka huku kwetu Pasifiki. Boya akaruka kwa furaha, yaqona yake, kinywaji chetu cha mizizi, ikamwagika.

"Si nilisema! Zilielea!"

"Zilielea kichwani mwako," akasema Makasia. "Babu zetu walipiga makasia wakazifuata. Mbegu gani inajua njia ya Fiji?"

Wote wawili ni wahadhiri wastaafu hapa Suva. Majina hayo tuliwabandika sisi wanywaji wa beseni hili nyuma ya soko. Litia naye, binti aliyeketi kati yao, tunamwita Labda. Ameandika kitabu cha historia cha wanaoanza, na wazee hawa ndio wakaguzi wake. Wasiposaini leo hakichapwi, na watoto wataendelea na kile cha zamani kinachojua kila kitu.

"Wazee wangu, nimeandika 'hatujui', halafu hoja za kila upande," akasema Labda.

"Hamjui wewe na nani?" Makasia akafoka. "Futa, nisaini."

"Mwache binti awe mkweli," akasema Boya. "Kwenye sura nyingine."

Nilimwonea Labda huruma. Akatoa mkobani fungu la mizizi ya yaqona, akaliweka mkekani mbele yao, akaanza kutamka maneno ya heshima kwa sauti ya chini. Wazee, matusi yakiendelea, wakaligusa na kupiga makofi kwa mazoea. Huku kwetu ukiigusa mizizi hivyo umeipokea, na umekubali ombi lililokuja nayo.

"Ombi lenyewe lipi?" Boya akauliza, kachelewa.

"Kila mmoja aandike hoja za mwenzake, kwa haki. Kisha msaini."

"Umetuvizia!"

"Mmepokea, mzee."

Wakaandika wamenuna, kila mmoja kona yake na kifuu chake cha yaqona. Makasia akasoma alichoandika, habari za mikondo ya bahari na mbegu zenye ganda gumu. Boya akasoma kwamba jina la kiazi linafanana huku na kule Amerika, na mbegu haibebi jina. Wakasaini. Labda akakumbatia kurasa zake, akatoka mbio wasije wakageuka.

Walikuwa wameshageuka.

"Lakini kweli, jina lilifikaje?" akasema Boya. "Babu zetu walipiga makasia, bwana."

"Makasia gani?" akafoka Makasia. "Zilielea!"