Waume Wenza wa Alumini

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi mwilini sijambo, ila maji yamenifika shingoni, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwa heshima zote nakuarifu kwamba nyumbani kwangu nimeletewa waume wenza wawili, wote wa alumini.

Kama ujuavyo, mwanao ni fundi na dereva wa mbio za mlimani, nami hukaa kando yake nikimtajia kona. Jumamosi kuna mbio. Basi ameamua kubadili manifoldi, yaani lile dude la mirija linalogawia kila silinda hewa yake, kwa kuwa eti iliyokuja na gari inaibana injini pumzi. Duka limempa mbili achague: ya mirija mifupi, inayofaa gari likishashika kasi, na ya mirija mirefu, inayovuta tangu gari likiwa polepole. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zote mbili zimekaa kwenye meza ya chakula. Sisi tunakula tumepakata sahani.

2. Anaingiza kidole katika kila mrija, anapapasa ndani taratibu, anatabasamu. Mimi nimenyoa ndevu tangu Jumatatu na hajaona.

3. Nilimshauri achukue ile fupi kwa sababu inang'aa, na boneti ikifunuliwa watu watatuheshimu. Alinitazama kana kwamba nimemwambia achague daktari kwa viatu vyake. Nikaenda kuosha vyombo.

4. Juzi amenipima. Alileta mizani ya gereji hadi sebuleni, akaniambia nipande na viatu, kisha na helmeti. Akasoma, akaguna, akatoka. Mama, huyu ameshang'oa kiti cha nyuma, redio na zulia ili gari liwe jepesi. Akimpima mumewe, anatafuta nini kingine cha kung'oa?

Nitasema wazi: naogopa. Kiti changu cha kando yake ndicho mahali pekee ambapo mwanao hunisikiliza. Nikisema kulia, anakata kulia. Nyumbani nikisema kulia, hata paka hageuki.

Kwa hiyo naomba uitishe kikao cha ukoo, manifoldi zitoke mezani, na ikishindikana nihamie kwako mimi, yeye abaki nazo. Sili sana, licha ya utakayosikia kuhusu mizani.

Nisalimie baba mkwe, shemeji zangu wote, na yule jirani yako anayependa kujua habari za kila mtu. Hizi mpe zote.

Ni mimi mkweo, mwenye kilo zake kamili,
Msoma Kona

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mwanao amekuja kuchukua ile ndefu akaifunge. Nikamuuliza kinyonge kwa nini si fupi. Akasema fupi ingemfaa dereva aliye peke yake. Kona ya tatu ni kali, gari hutoka pale karibu limesimama, na likiwa na watu wawili linataka nguvu tangu mwendo mdogo. Ndiyo maana alinipima. "Kwani wewe nitakuacha wapi?" akasema, akaondoka na manifoldi yake kwapani.

Kikao kiahirishwe, mama. Jumamosi njoo usimame kona ya tatu, utatuona sote wawili. Na ile fupi nimemsihi asiirudishe dukani. Inang'aa kweli, na pale mezani imekaa vizuri.