Gitaa Nililobadilishana na Jovithe

Jumatatu, 4 Agosti
Mtaa wetu mzima wa Bwiza unamsifu Jovithe. Jovithe! Juzi tu alikuwa anapiga kanisani kwao Nyakabiga, leo ndiye solo wa bendi ya Massoudi. Mimi, Hamimu, mtoto wa mpiga gitaa, nimebaki akompa wa bendi hiyo hiyo. Akompa ni yule wa nyuma anayerudia pigo lile lile wimbo mzima huku solo anatuzwa. Naumia.

Jumamosi anaolewa Sumaya, binti wa dada yangu Khadidja. Mama ameniomba jambo moja tu: bibi harusi akitoka ndani, nimpigie gitaa la marehemu baba, lile la mbao lililokuja kwa boti kutoka Kalemie enzi zake za bandarini. Ameshawatangazia wanawake wote wa mtaa. Nimekubali. Kukubali ni bure.

Lakini bendi yetu ndiyo itakayopiga harusini. Kigitaa kile kitasikika na nani, Jovithe akishawasha mtambo wake wa umeme?

Jumanne, 5 Agosti
Nimesoma habari za magitaa kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kumbe yako ya namna namna! Kuna la klasiki: mbao, shingo pana, nyuzi za nailoni, sauti ya kumsalimia mgonjwa. Ndilo la baba. Kuna la foki: mbao vilevile, ila nyuzi za chuma, sauti kali. Kuna la umeme: ubao mzito usio na tumbo, bila ampli, kile kipaza sauti chake, halisikiki. Na kuna besi, nyuzi nne nene, la watu wasiopenda kuonekana.

Nikapiga hesabu. Kama klasiki ni nailoni na foki ni chuma, si nibadilishe nyuzi tu? Ajabu hakuna aliyewahi kuliwaza hili!

Nikaenda kwa Twahiru, muuza nyuzi na vipuri vya redio. Akaliangalia gitaa, akakataa. Eti, "Apana, Hamimu. Chuma inavuta nguvu sana. Iyi gitaa ya baba yako itapasuka." Nikamwambia nimekuja kununua nyuzi, mawaidha nayapata msikitini.

Jumatano, 6 Agosti
Nimefunga nyuzi za chuma. Sauti! Jirani Rachidi alitoa kichwa dirishani. Nikajiona nimeshafika.

Kisha krrr. Daraja, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, kimeng'oka upande mmoja na kuondoka na ganda la mbao. Nimelipachika kwa gundi ya viatu, juu nikapaka rangi ya viatu. Ukisimama mbali huoni kitu.

Na hapo ndipo akili ilipofunguka. Jovithe amewahi kusema analitamani gitaa la baba. Basi alipate!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimebadilishana! Jovithe alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama mama anajua. Nikamjibu mama ndiye aliyenituma. Uongo mdogo, Mungu anisamehe. Naye akanipa gitaa lake la umeme, jekundu, linang'aa. Ampli alisema ataileta mwenyewe harusini. Akanionya kabisa: "Mukubwa, iyi bila courant, bila umeme, ni ubao tu." Ananifundisha mimi! Nilimwambia nimesoma.

Nikapitia kwa Massoudi kumweleza kwamba Jovithe hana tena gitaa la umeme, kwa hiyo solo ni mimi. Alinitazama kama mtu aliyemeza mfupa, akasema sawa. Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani. Mimi nina gitaa, yeye ana ufa.

Jumamosi, 9 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika.

Ua ulijaa watu. Mama kakaa mbele na kitenge kipya, akaniuliza gitaa la baba liko wapi. Nikamwambia litatoka kwa wakati wake. Nikaanza solo. Wanawake wakageuka. Sumaya akatokeza mlangoni.

Umeme ukakatika.

Jenereta ipo. Mafuta je? Shemeji yangu yuko kwenye foleni ya mafuta tangu alfajiri. Mimi nikaendelea kupiga, nikakaza mpaka vidole vikauma, na sauti iliyotoka ni ya panya kwenye kopo. Watoto walicheka. Sumaya kasimama pale pale, hajui aende au arudi.

Ndipo gitaa likalia nyuma yangu. La mbao, la polepole. Jovithe! Alikuwa ameng'oa nyuzi zote za chuma, akapeleka daraja kwa seremala, akarudisha nailoni. Vigelegele vikalipuka. Sumaya akatembea.

Mama akasimama. Hakucheza. Alilia, mkono mdomoni, kisha akaniangalia mara moja, akageuka. Niliona aibu, tena aibu kubwa. Lakini kosa ni la umeme.

Jumapili, 10 Agosti
Mama hasemi nami. Chakula changu kimeletwa na Khadidja, pamoja na ujumbe wa mama: "Bwana yangu nilimuzika mara moja. Uyu mutoto amemuzika tena." Nimeshindwa kumaliza ndizi.

Jumatatu, 11 Agosti
Jovithe amekuja na gitaa la baba limefungwa vizuri kwenye kitenge. Kaliweka mezani. Anasema hakujua kwamba nilimdanganya, gitaa ni la mama, nilichukue bure, na lile jekundu nibaki nalo kama nalipenda. Mama alikuwa ametoka chumbani, amesimama mlangoni. Hajanikaribia hivyo tangu harusi.

Nilikaribia kulichukua. Wallahi, mkono ulishanyooka.

Kisha nikafikiri. Nani anarudisha kitu kizuri bure? Bila shaka daraja linang'oka tena! Mimi si mtoto. Nikamwambia abaki nalo, anipe ile ampli.

Akamtazama mama, si mimi. Akamwambia kwao mlango uko wazi, akitaka kulisikia aje siku yoyote. Jioni ampli ikaletwa kwa mkokoteni.

Jumanne, 12 Agosti
Ampli imejaa sebule nzima. Tunapita ubavu ubavu.

Mama hayupo. Amekwenda Nyakabiga kwa Jovithe, kusikiliza gitaa la baba. Kavaa kitenge cha harusi. Khadidja anasema atakuwa anakwenda kila wiki. Shauri yake. Hesabu ni wazi: mimi nina gitaa la umeme na ampli, Jovithe kabaki na mbao.

Mtaani kwetu umeme haujarudi tangu harusi. Lakini Rachidi ana jenereta, haina mafuta kwa sasa, na muda mrefu anaitamani saa ya ukutani ya baba. Mama akichelewa kurudi, naipeleka saa kwake leo leo, jenereta iwe yangu.