Mpimaji wa Mashine za Mlabani

Mshikeni sura huyu Donati kabla hajabisha hodi kwenu: shati limenyooka, kizibao cha rangi ya machungwa, kishikwambi kwapani, na shikamoo tamu inayomfanya mtu mzima asahau kuuliza anatoka ofisi gani.

Alikuwa Mlabani akinywa chai aliposikia wenye mashine za kukoboa mpunga wakitambiana, kila mmoja akidai yake ndiyo inatoa mchele mwingi Ifakara nzima. Wengine walisikia kelele. Donati alisikia magunia. Akamtafuta Amedeus, dereva wa fuso, akamwekea pikipiki yake rehani: mchele ukiuzwa nauli inalipwa, usipouzwa pikipiki inabaki. Ukiondoa mdomo, hiyo pikipiki ndiyo ilikuwa mali yake yote.

Asubuhi akawa kwa mama Restituta, mjane mwenye mashine. Akamweleza kwa unyenyekevu kwamba kampuni moja kubwa inataka mashine moja tu ya kukoboa mpunga wa bonde zima, na yeye katumwa kupima ufanisi.

"Huo ufanisi unapimwaje, mwanangu?"

"Rahisi, mama. Tunaangalia umeme na mpunga unaoingia, halafu mchele unaotoka. Anayetoa kingi kwa kidogo ndiye mia kwa mia, wengine wote tunawapimia kwake. Mzani ndio unasema, mimi sisemi."

"Na mchele wenyewe?"

"Unakwenda maabara."

Muone uongo ulivyovaa vizuri. Viwanda hupimwa hivyo kweli, na huo ukweli mdogo ndio uliobeba uongo wote mgongoni. Mtu akija kwenu na ukweli nusu, wanangu, msimkaribishe ndani mkaanza kusubiri nusu ya pili.

Restituta akakoboa. Donati yeye alikaa barazani akishughulikia paja la kuku. Aende mashineni kuchungulia nini, wakati kipimo kakitunga mwenyewe? Magunia yalipokwisha kushonwa na kupimwa, akabonyeza kishikwambi kilichokwisha chaji, akasikitika. Mama alikuwa na sabini na nane. Aliyekuwa na mia ni Raimundi wa ng'ambo ya barabara, aliyetangulia kupimwa.

Raimundi! Yule aliyemnyang'anya wateja msimu mzima. Restituta akaomba apimwe upya, na safari hii uzito ukapanda vizuri tu. Donati akavuka barabara kumpa Raimundi pole: mama sasa ndiye mia, yeye kashuka. Raimundi naye akataka marudio. Ikawa hivyo mtaa mzima, kila mashine ikimkimbiza jirani, na kila marudio yakiongeza mzigo kwenye fuso. Mwishowe mashine ya Raimundi ikatoa mchele mzito kuliko mpunga ulioingia.

"Mkuu, hii ni teknolojia gani?" Donati aliuliza, akimpa mkono wa pongezi.

"Matunzo tu," alisema Raimundi, akitazama pembeni.

Matokeo yaliahidiwa Jumamosi. Ijumaa Donati alikuwa Mang'ula na fuso la Amedeus, kwa mzee Mayunga, mnunuzi wa nafaka. Mzee hakuwa na maneno mengi. Alichukua bambo, kile chuma chenye uwazi cha kuonjea gunia bila kulifungua, akalichomeka juu: mchele mweupe, unanukia. Akalichomeka katikati: chenga. Akalichomeka chini zikatoka pumba, na nyuma ya pumba mchanga wa mto. Donati akaomba lijaribiwe la pili. Halafu lile kule pembeni. Lile kule pembeni lilikuwa baya kuliko yote mawili.

"Watu wa Mlabani ni wezi," alisema Donati, na hilo ndilo neno pekee alilosema kwa moyo wote wiki ile.

Mayunga akasema mchele hapo hauoni, ila mke wake anafuga nguruwe. Magunia yasiyo na mchanga mwingi atayachukua kwa bei ya pumba. Bei hiyo haikugusa hata nusu ya nauli. Amedeus hakugombana wala hakupandisha sauti. Alinyoosha kiganja tu, akasubiri mpaka kadi ya pikipiki ikalala humo.

Vijana wakaanza kushusha. Walipofika kwenye gunia moja la Raimundi wakashindwa kulinyanyua, wakaita wa tatu. Mayunga akalizunguka, akalipiga kofi.

"Mashine iliyotoa hili uliipa ngapi?"

"Mia kwa mia, mzee," alijibu Donati kwa sauti ndogo.

"Hapo hukuionea."