Nataka Muda Aliookoa Nzilani

Kwa Bwana Kisilu, mwenye saiba ya kompyuta na intaneti, soko la Mitaboni.

Bibi yangu Nzilani amekufa. Kichwa iliuma asubuhi, jioni hayuko. Tumezika. Mimi ni Muthoka, yule wa kuchimba msingi kwa mjengo. Nakuandikia na heshima, lakini niko na malalamiko.

Wewe ndiye ulifundisha akina mama wa chama ile njia ya mkato ya simu. Ati mtu akitafuta kitu kwa intaneti asiandike maneno mingi. Anaweka herufi moja ama mbili yake, akibonyeza, simu inaenda hapo moja kwa moja. Nzilani alishika hiyo masomo kuliko wote. Akajaza simu yote. Halafu akakufa bila kuniambia herufi gani ni ya nini. Simu sasa ni yangu. Sikia vile nimeona.

1. Hospitali walisema mochari yao imejaa, nitafute ingine. Nikaandika m, kidole ikateleza, ikabonyeza. Ikafungua bei ya mbuzi Masinga. Nesi alikuwa anaangalia. Akaniuliza, mzee, marehemu hata hajatolewa kitandani na wewe umeanza kupanga chakula ya matanga?

2. Kwa kaburi pasta akasema bwana ya marehemu achague wimbo. Nikabonyeza w. Simu ikaanza kuhubiri na sauti kubwa vile ya kuua viwavi kwa mahindi. Nilishindwa kuzima. Dada yangu Kamanthe akasema mwacheni amalize, huyu anaongea vizuri kushinda pasta.

3. Hii ndiyo kubwa. Nzilani alisema hizi herufi zinaokoa muda. Mimi nikiandika jina yote mpaka mwisho, alikuwa ananicheka, ananiita kobe. Kwa hivyo yeye ameokoa muda mingi, kila siku, miaka hiyo yote. Uko wapi? Hakuutumia. Nimetafuta kwa nyumba, hakuna. Nimeuliza chama, wanasema kwao hakuweka. Mimi ndiye bwana yake, kitu yake ni yangu. Nataka huo muda. Usiniletee pesa. Nataka Nzilani aje autumie, hata kama ni jioni moja, tukule muthokoi, aniite kobe, kisha arudi.

4. Kama huwezi, Jumamosi nakuja na simu, ufute herufi zote. Na hiyo masomo ufunge. Akina mama waandike kila neno mpaka mwisho, pole pole. Hata chifu aweke sheria. Mtu wa pole pole hawezi kufa akiwa amebakisha muda.

Salimia mama watoto, na kijana yako wa kupiga chapa, na Fadumo wa duka hapo kando, mwambie sukari ilifika na watu walikunywa chai.

Ni mimi,
Muthoka Musau.

NB: Usifute. Sikuji Jumamosi. Nimeandika mu, nikitaka kuona jina yangu iko na nini. Imefungua mvua ya Mavoko, kule mjengo yetu iko. Kila asubuhi alikuwa ananiambia Muthoka beba koti, ama Muthoka acha koti. Na hakuwa anakosea. Mimi nilifikiri anaangalia mawingu. Hiyo masomo endelea nayo, na mtu akiuliza, mwambie Muthoka amesema ni mzuri. Hapa inasema kesho kutanyesha kuanzia saa nne. Nimetoa koti kwa sanduku. Kesho narudi kazini.